Fungu la Msiba

Haya yote ni kweli tupu. Mwenye kuyaandika ameapa kwa mkono wa kulia, kisha akaapa na wa kushoto, asije mtu akasema kiapo kimeegemea upande mmoja. Hakutia chumvi hata punje. Chumvi yenyewe daktari alishamkataza. Msomaji mwenye mashaka ayaweke mfukoni kwanza, asikilize.

Mji uliitwa Kizungwi, juu kabisa kwenye milima ya Upare, katika miaka ile ambayo mito ilikuwa imebaki majina tu. Watu wa Kizungwi walikunywa ukungu. Kila kilele kilitandazwa nyavu nyembamba, ukungu wa alfajiri ukipita unanaswa, unageuka matone, matone yanashuka mifereji mpaka tangi kuu. Kutoka hapo koki mbili kubwa ziligawa maji: moja ya mtaa wa Juu, moja ya mtaa wa Bondeni.

Aliyeendesha hayo yote alikuwa Shemeji.

Jina lake halisi lilikuwa na herufi nyingi kuliko maana, na waliomleta walimwita mtambo. Lakini alipofika Kizungwi aliingia nyumba za watu bila kuitwa, akajua sukari inakaa wapi, akawa na maoni juu ya kila kitu. Wanawake wakasema huyu ni shemeji, na jina likaganda. Akili yake ilikuwa moja, imekaa chini ya tangi; miili yake ilikuwa mingi, kila mmoja una miguu minne kama ya mbuzi na mikono miwili kama ya mtu aliyelelewa vizuri.

Shemeji hakufanya jambo ambalo halijaandikiwa utaratibu. Kuziba wavu uliochanika, kupeleka dawa, kubeba viti vya harusi, kila kazi ilikuwa na hatua zake zimeandikwa na wahandisi. Tabu ilikuwa kuzipata. Wahandisi walikuwa wamezipanga kwa namba, maana namba ndizo walizozizoea. Mama aliyetaka msaada wa kushusha sufuria la pilau motoni ilibidi akumbuke tarakimu tano, na akikosea moja, Shemeji anakuja na patasi kumkata mbuzi kwato.

Ndipo baraza la mji likamtafuta Nakiete. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa uso na mbishi wa ndani, aliyetunza maktaba ya shule mpaka mchwa walipomaliza kuisoma. Wakampa chumba, kioo cha kuandikia, na rundo lote la taratibu. Wakamwambia azipange katika mafungu ili watu wazione.

Nakiete hakukaa chumbani. Alizunguka mlango kwa mlango na swali moja tu: "Jambo hili wewe ungelitafuta wapi?" Hakuna hata mmoja aliyejibu "miundombinu." Walisema "mambo ya jikoni." Walisema "mambo ya majirani." Mzee mmoja akasema "mambo ambayo mke wangu asijue," hilo Nakiete akaliacha. Akarudi na mafungu ya Kizungwi yenyewe: Ukungu, Jikoni, Majirani, Wagonjwa, Sherehe, Matengenezo, Msiba, na mengine machache. Watu wakaanza kuona wanachokitafuta, na mbuzi wakapumzika.

Sasa hapa pana jambo la kiufundi, na ni muhimu. Kila fungu lilikuwa na kichwa, yaani ukurasa mmoja wa mwanzo unaosema mambo ya fungu hili yanafanywa kwa namna gani: kwa sauti au kimya, kwa ruhusa ya nani, kwa mwendo upi. Utaratibu wowote ukiingizwa humo unarithi kichwa hicho, kama mtoto anavyorithi ukoo, apende asipende. Na Shemeji alikitii kichwa kuliko utaratibu wenyewe.

Hilo walilijua kwa kuumia. Mwanzoni palikuwa na fungu lililoitwa Taratibu za Haraka. Bomba likapasuka nyuma ya kanisa, watu wakamwita Shemeji, naye akaja, akasoma jina la fungu, akakwama. Taratibu, maana yake polepole. Haraka, maana yake mbio. Wakamkuta amenyanyua mguu mmoja hewani, anatetemeka mwili mzima, anajitahidi kwenda taratibu kwa haraka, na maji yanampita katikati ya miguu. Tangu siku hiyo fungu hilo likaitwa Mbio.

Kisha ikaonekana utaratibu mmoja hauwezi kukaa katika mafungu mawili. Waliwahi kuweka kupeleka dawa katika Wagonjwa na pia katika Sherehe, kwa kuwa kupona nako ni sherehe. Shemeji akamfikishia mzee Mrutu dawa yake ya kuhara kwa matarumbeta na vigelegele, mtaa mzima wa Bondeni ukatoka kushangilia. Mzee Mrutu hakutoka nje kwa muda mrefu baada ya pale, na si kwa sababu ya tumbo.

Basi sheria ikawa hivi. Mhandisi anaandika, hapangi. Nakiete anapanga, haandiki. Na kila utaratibu una nyumba moja.

* * *

"Hodi humu."

"Karibu, Mhandisi."

Mhandisi Mkwizu, mkuu wa maji wa mji, aliingia akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka kileleni kuangalia nyavu. Zilikuwa zimekauka, zinapepea kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

"Nimekuandikia kitu," alisema. "Kiweke Matengenezo."

Nakiete akakifungua kwenye kioo. Kilikuwa kifupi: Kufunga Koki ya Bondeni.

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukungu urudi."

"Na ukungu utarudi lini?"

"Ningejua hilo ningekuwa nabii, nisingekuwa mhandisi." Alijifuta uso kwa kiganja, vumbi likahama tu. "Nakiete, sikiliza. Tangi limeshuka mno. Koki zote mbili zikiwa wazi, msukumo unaanguka, kliniki haipati hata tone. Kliniki iko Juu. Vitalu vya iliki viko Juu. Bondeni wana kisima chao cha magadi, hawatakufa."

"Magadi yale watoto wachanga wanaharisha."

"Watapelekewa mazuri."

"Na nani?"

Mhandisi alitazama dirishani kana kwamba mtu huyo angepita.

"Basi wacha niwaambie," Nakiete alisema. "Wajue wajipange."

"Hapo ndipo utakapoua mji! Ukimwambia mtu maji yanafungwa anajaza kila kitu. Anajaza sufuria, anajaza beseni, anajaza mpaka viatu. Kabla hatujafika kwenye koki tangi ni tope. Ndiyo maana nasema Matengenezo. Unakijua kichwa chake, umekiandika mwenyewe."

Alikijua. Kichwa cha Matengenezo kilisema: Usimuulize mtu. Usipige kelele. Fanya, safisha, ondoka. Kiliandikwa kwa ajili ya mitaro na misumari.

"Shemeji anasoma mafungu upya leo alasiri," Mhandisi akasema, na sauti yake ikalainika. "Mimi si mtu mbaya, dada yangu. Nimehesabu kila namna. Na wewe unajua, miche ya mumeo haitavumilia juma hili bila maji. Sikutishi. Nakuambia tu kilichopo."

Akaondoka. Nakiete akabaki na kioo. Utaratibu mpya ulikuwa unawaka pembeni, unasubiri kuambiwa kwao ni wapi.

* * *

Mumewe, Eliamini, alikuwa kitaluni, amechuchumaa kati ya mistari ya miche ya iliki, anainyunyizia kwa kikombe kama mtu anayenywesha vifaranga. Miche ile ndiyo ilikuwa mwaka wao mzima. Wanunuzi walikuwa wameshaikubali, kilichobaki ni kuifikisha msimu wa kupanda ikiwa hai.

"Mama Nanzia! Mbona saa hizi? Wamekufukuza?"

"Bado."

Akamweleza yote, amesimama, mikono imefungwa kifuani. Eliamini aliendelea kunyunyizia huku akisikiliza. Alipomaliza mstari akaweka kikombe chini.

"Na wewe umekuja kuniuliza mimi."

"Nikamuulize nani?"

"Mimi nina miche, mama. Ukiniuliza mimi umeuliza miche. Nayo unajua itakachosema." Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Iweke huko Matengenezo, watajua kesho wakifungua bomba. Watatukana, watachoka. Hivyo ndivyo miche inavyosema."

"Na Baba Nanzia anasemaje?"

"Baba Nanzia hayupo. Amekwenda kutafuta kikombe kikubwa zaidi."

Nakiete aliangalia majani madogo, mengine yameshaanza kujikunja pembeni. Alitamani mumewe amkaripie, ili apate mtu wa kubishana naye. Eliamini akarudi kwenye mstari wake.

* * *

Akashuka Bondeni. Mwenyewe hakujua anakwenda kufanya nini, kwa sababu alikuwa ameamua asiseme neno mpaka atakapoamua. Miguu ikamfikisha kwa Bibi Navoneiwa.

Bibi huyu alikuwa mshari wa kupendeza. Ndiye aliyesimamia wanawake wenzake siku ya kutunga kichwa cha fungu la Msiba, na walitunga kwa ugomvi kuanzia asubuhi mpaka jua kuchwa, Nakiete akiandika. Sasa alikuwa uani anaosha vyombo chini ya bomba lililo wazi, maji yanatiririka yenyewe, hana habari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekonda. Mumeo anakula nini, miche?"

"Tunakula, bibi."

"Haya kaa. Usisimame juu yangu kama mkusanya kodi."

Nakiete akakaa kwenye kigoda. Maji yalitiririka. Alijizuia asinyooshe mkono akafunga bomba.

"Bibi, naomba kuuliza kitu cha kazi. Kile kichwa cha Msiba. Kuna jambo ambalo si kifo, lakini mngeliweka humo?"

"Kama lipi?"

"Lolote."

Bibi Navoneiwa akasugua sahani, kisha ghafla akaanza kuhema kwa hasira ya zamani.

"Binamu yangu Kadeghe alizikwa kule Mbuyuni. Unajua nani aliniambia? Muuza vitunguu! Mtu simjui, hanijui, ananipimia vitunguu, ananiambia, mama, poleni na msiba wenu. Msiba upi? Nikasimama pale na kikapu kama mjinga. Ameshazikwa, watu wamekula, wameondoka. Mdogo wake akaja baadaye ananiambia, dada, tuliogopa kukushtua, una presha. Presha! Nikamwambia mimi kufiwa nimezoea. Sijazoea kuambiwa na vitunguu."

"Mkasameheana?"

"Nani? Mimi? Nikifa, nikimkuta huko, salamu yangu ya kwanza ni mbona hamkuniambia." Akasuuza sahani, akaiegemeza ukutani. "Sasa swali lako nimelisahau. Ulikuwa unaniuliza nini?"

"Basi, bibi. Umeshanijibu."

"Sijakujibu chochote, nimekueleza habari za vitunguu."

Nakiete akaaga. Akiwa mlangoni akageuka. "Bibi, hilo bomba."

"Lina nini?"

"Linavuja tu," akasema, akaondoka haraka kabla mdomo haujamsaliti.

* * *

Jua lilipoinamia alasiri, Nakiete alikuwa chumbani kwake mbele ya kioo. Alifungua kichwa cha Matengenezo, akakifunga. Akafungua kichwa cha Msiba.

Kilisema hivi. Habari itolewe kwa mdomo, mlangoni, na mletaji awe ameketi. Isitumwe kwa simu wala kipaza sauti. Asianzwe tajiri akaachwa maskini. Tendo lolote lisubiri mpaka wa mwisho ameambiwa. Kisha yakafuata mambo ya chai, ya maandazi, ya nani anakoka moto na nani hateki maji, ambayo wanawake waliyagombania sana jioni ile na Nakiete aliyaandika huku anasinzia.

Alijua kitakachotokea akiweka humo. Shemeji atakaa kila mlango. Watu hawainuki haraka kwenye msiba. Koki itabaki wazi muda wote huo, tangi litashuka, na miche itakuwa ya kwanza kulipa. Akiweka kule kwingine, Bondeni wataambiwa na bomba kavu, na mama mwenye kichanga atafungua kisima cha magadi akiwa peke yake na tatizo lake.

Alikaa hivyo mpaka kioo kikaanza kulia kwa upole, dalili kwamba Shemeji anataka kusoma.

Nakiete akaunyanyua utaratibu kwa kidole, akauweka Msiba.

* * *

Miili yote ya Shemeji ilisimama mahali ilipokuwa. Uliokuwa umebeba wavu uliulaza chini kwa heshima. Uliokuwa unaimba kwenye ubatizo ulinyamaza katikati ya ubeti. Kisha yote ikashuka Bondeni kwa mwendo wa watu wanaokwenda matangani, taa zimepunguzwa.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mzee Mrutu. Shemeji akakunja miguu yake minne, akaketi.

"Hodi. Tumekuja na habari. Naomba mketi, baba."

Mzee Mrutu alishika kifua. "Nani kafa?"

"Koki."

"Nani?"

"Koki ya Bondeni. Itafungwa tukimaliza kuwaambia wote, mpaka ukungu utakaporudi. Maji hayatoshi mitaa miwili. Poleni sana."

Mzee alitazama ile mashine iliyokaa chini kama mjomba, akaelewa, akaruka. "Mama Semeni! Ndoo! Leta ndoo zote! Leta na beseni la mtoto!"

Ikawa kama Mhandisi alivyosema. Habari ilitangulia mbele ya miguu ya Shemeji, na Bondeni nzima ikatoka na vyombo. Sufuria, madumu, mitungi, mpaka koti moja la mvua lililofungwa mikono. Nakiete, aliyekuwa amekuja kusimama kwenye kona, aliona na moyo ukamwanguka.

Lakini Shemeji alinyoosha mkono, akachukua ndoo ya mzee Mrutu kutoka mkononi mwake, taratibu kabisa, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

"Wafiwa hawateki maji," alisema.

"Mimi sijafiwa! Mimi naibiwa!"

"Pole, baba. Kaa. Utaletewa."

Na kwenye kila bomba ikawa hivyo hivyo. Ndoo zikatolewa mikononi, mabomba yakafungwa, watu wakaonyeshwa vigoda. Bibi Navoneiwa alivutana na mwili mmoja wa Shemeji juu ya dumu, bibi akivuta huku, Shemeji akivuta kule na kusema pole kila wanapovutana, mpaka bibi akakumbuka. "Lo! Hiki ni kichwa chetu wenyewe. Mimi nilipigania sentensi hii!" Akaachia dumu, akakaa, akajitanda kanga. Kisha akakasirika tena. "Na mbona mimi nimeambiwa wa nne?"

Nakiete alishika mdomo. Sentensi ile aliiandika kwa mkono wake na hakuifikiria tena. Alidhani ni habari za chai.

Sasa kama wafiwa hawateki maji, mtu lazima awatekee, na kichwa kilisema ni majirani wasiofiwa. Miili ya Shemeji ikapanda Juu, na madumu ya Bondeni mgongoni. Ikaketi mlango kwa mlango. Mlango mmoja ulikuwa wa Mhandisi Mkwizu.

"Kuna msiba Bondeni," Shemeji akamwambia. "Nyumba hii inapeleka nini?"

"Mimi ndiye niliyeandika utaratibu huo!"

"Pole sana. Nyumba hii inapeleka nini?"

Mhandisi alizungumza mambo ya msukumo, ya vipimo, ya upumbavu wa mafungu. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kama watu wanavyosikiliza mtu mwenye uchungu, kisha akauliza tena. Mke wa Mhandisi akapita katikati yao, akalijaza dumu.

Si wote waliotoa. Kuna waliofunga milango. Shemeji aliketi nje akaupa mlango pole. Kuna aliyetoa maji ya kuoshea magari akasema ni ya kunywa, huyo anajulikana mpaka leo. Lakini madumu yalishuka, siku baada ya siku, na watoto wachanga wa Bondeni hawakuonja magadi. Koki ilifungwa mlango wa mwisho ulipoambiwa, tangi likiwa limeshuka kuliko Mhandisi alivyotaka na kubaki juu kuliko alivyoogopa. Kliniki ilipata maji yake. Nyumba za Juu ziliogea kikombe.

Vitalu havikupata kitu.

* * *

Mhandisi alikuja chumbani kwa Nakiete akiwa bado na hasira, ingawa ilikuwa imechoka.

"Uhamishe," alisema. "Ukungu ukirudi tukifungua koki, uhamishe ule utaratibu uende Matengenezo. Mara ya pili sitakuwa na bahati."

"Baraza likiniagiza nitauhamisha."

"Vizuri."

"Lakini kuhamisha nako nitakwenda kuwaambia. Mlango kwa mlango. Nikiwa nimekaa."

Mhandisi akageukia kofia yake mezani. "Baraza halitaagiza," akasema. "Nusu yao wanakaa Bondeni, na nusu nyingine wameshaona watakavyoangaliwa." Akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga, akarudi mlangoni akaaga.

Nakiete alipofika kitaluni Eliamini alikuwa anang'oa. Mistari ya juu, iliyopata kivuli, ilikuwa bado ina ubichi kidogo kwenye shina. Iliyobaki ilivunjika kama majani ya chai mkononi. Alikuwa ameilaza miche iliyokufa rundo moja, vizuri, yote imeelekea upande mmoja.

Akachuchumaa mstari wa jirani, akaanza kung'oa naye. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari.

"Bondeni nzima umeiambia," Eliamini akasema, hakuinua uso. "Mpaka wale wagomvi wa mwisho kabisa kwenye kona. Mimi niliambiwa na Shemeji. Alikuja hapa, akakunja miguu, akaniuliza nyumba hii inapeleka nini. Nikamwambia subiri mke wangu, labda ana habari."

Nakiete alisikia uso wake ukiwaka. Alikuwa amefikiria kila mlango wa mji ule, ila mmoja.

Aliacha kung'oa. Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na nguo yake ya kazini, akamgeukia.

"Baba Nanzia, nina habari."

"Naisikiliza."

"Nimeua miche yako. Nilijua itakufa, nikaweka vilevile. Sikuja kukuambia kwa sababu nilijua ukinitazama tu nitabadili."

Eliamini akapangusa mikono. Akausukuma pembeni mche mmoja mkavu, akakaa naye chini, magoti yamegusana na ya mkewe.

"Ungebadili?"

"Ndiyo."

"Basi ulifanya vizuri kutokuja," akasema. "Na ulifanya vibaya. Yote mawili, na sijui utayaweka fungu gani."

"Hilo sina."

"Tafuta," akasema. Wakakaa hapo, kati ya mistari, mpaka Nanzia alipowaita kula.

* * *

Mwenye kuandika haya alikuwa amefika hapo, ameridhika, anatafuta nukta nzuri ya kuweka, mkewe alipoinama nyuma ya bega lake na miwani yake.

"Baba Mbonea, umeapa hapo mwanzo kwamba haya ni kweli."

"Kwa mikono yote miwili."

"Huyo Nakiete ni nani?"

"Mtu wa kwetu kabisa. Ni damu yetu. Ni mjukuu wa mjukuu wa Mbonea."

"Mbonea yupi?"

"Mbonea wetu, kwani tuna wangapi?"

Mama Mbonea akavua miwani. Alikuwa na namna ya kuvua miwani ambayo imemaliza kesi nyingi katika nyumba ile.

"Mbonea wetu yuko uani anasubiri majibu ya mtihani wa darasa la saba. Habari za mjukuu wa mjukuu wake amekuletea nani?"

Mwenye kuandika haya alisema kwamba kuna njia za kujua. Akaulizwa njia zipi. Akasema ni za kiufundi, ni ndefu. Akaambiwa wana muda. Akasema goti linamuuma.

"Faini," akasema Mama Mbonea, akanyoosha kidole jikoni.

Huko kulikuwa na sufuria la makande, lile kubwa, lililoungua tangu mchana na kugandia chini tabaka jeusi kama lami. Mwenye kuandika haya aliliangalia, akaangalia karatasi zake, akaona hakuna hakimu wa kukatia rufaa. Akakunja mikono ya shati, ya kulia na ya kushoto, akauliza jivu liko wapi na gunzi liko wapi, akaanza kusugua.